Redio Imetangaza Nimekufa, Nami Nakula Ugali

Jamani, nilikosea. Nitukaneni, ila msome mpaka chini.

Nipo kwa mama ntilie, hapahapa Mbinga mjini, tonge liko mdomoni. Redio yetu inasoma matangazo ya vifo...

"Bernadi Ndunguru, fundi mitambo wa redio hii, amefariki ghafla. Habari zimfikie mama yake mzazi, Bi Walburga, Litumbandyosi..."

Bernadi ndiye mimi!!

Mama ntilie kanikodolea macho. "Baba, si wewe huyu?"

"Ndiye mimi. Niongeze mchuzi, marehemu ana njaa."

Nikacheka... mpaka nikakumbuka mama yangu hakosi matangazo hayo hata siku moja.

Mchuzi ukanishinda.

Iko hivi. Kabla ya kutoka nilikuwa namwelekeza kazi mwenzangu mpya, Sixbert. Matangazo yetu yote, tangu redio ianze, yako kwenye faili moja la maandishi, kubwa balaa! Ukilifungua, kompyuta inaganda. Kwa hiyo tunaandika amri tu. Tangazo jipya linabandikwa mwishoni, na mashine inasoma kwa sauti yale ya mwisho.

Kumwonyesha mfano, nikabandika kifo changu. Mzaha!

"Sasa kata mstari wa mwisho. Tumia truncate, inakata mkia tu, kwingine haigusi."

"Nikate tu, kaka?"

"Kata, mimi naenda kula."

Kumbe Hedwiga wa mapokezi kashabandika tangazo lingine chini ya langu. Likakatwa la watu... langu likabaki!

Nikampigia Sixbert.

"Hukuangalia mkia kwanza kwa tail, ile amri inayoonyesha mistari ya mwisho?"

"Niliangalia."

"Ukaona langu linabaki?!"

"Niliona." Akacheka! "Umesema kata, nimekata. Leo bosi atajua nani anafaa kukalia hicho kiti chako."

Simu ya mama inaita... inaita...

Nikapanda bodaboda mpaka Litumbandyosi. Vilio nilivisikia nikiwa bado barabarani. Dada yangu Lidia yuko mlangoni, ananitazama tu.

"Alisikia jina lako redioni, akakaa chini. Hakuinuka tena."

"Lidia, nilikuwa natania..."

"Mama yuko ndani. Kamtanie."

Ndugu zangu, amri ya kukata mkia haiulizi mara mbili. Tazama mwisho wa faili kwa macho yako mwenyewe ndipo ukate. Na kifo usikiandike kwa mfano.

Nikapiga magoti kwenye mkeka.

"Shikamoo, mama."

...

"Mama, niitikie basi."