Matundu Sita ya Vifungo

Walikuwa njiani kwenda zahanati, wamekwisha pita duka la mikate, bibi mbele, mjukuu nyuma na mfuko wake. Bibi alikuwa fundi cherehani. Mjukuu, msichana wa miaka kumi na miwili, aliitwa Sindano kwa wembamba wake.

Kila mwezi walikwenda huko, kwani bibi alikuwa ameanza kusahau. Daktari alitaka aletewe kitambaa chenye matundu sita ya vifungo, yaliyoshonwa na bibi kwa mkono, apime maradhi yamefika wapi.

Siku hiyo daktari alivitandaza mezani vitambaa vya miezi mitatu. Matundu yote yalinyooka. Akafurahi, akasema hali ni nzuri, bibi arudi baada ya miezi sita.

Sindano alijua sivyo. Juzi tu bibi aliisahau pasi juu ya gauni la mteja, nusura nyumba iungue. Tena matundu yale hayakuwa ya bibi. Kila mara Sindano aliyafumua yaliyopinda na kuyashona upya, bibi asiaibike.

"Daktari, hayo nimeshona mimi," akasema.

Bibi akakichukua kitambaa, akakitazama. "Ndiyo maana. Nikashangaa, uzee gani huu unaonoa mkono?"

Daktari hakukaripia. Alieleza kwamba ndani ya seli za ubongo kuna vimeng'enya viitwavyo kinasi. Hubandika alama ndogo za fosfeti kwenye protini nyingine, kuziambia anza au acha. Bila kinasi hatujifunzi kitu. Lakini zikizidisha kazi, protini zinazoshikilia njia ndani ya seli huachia na kusokotana, na seli hufa mojamoja.

"Kama uzi wa cherehani ukilegea," bibi akasema. "Juu huoni kitu. Geuza kitambaa, mafundo matupu."

"Hasa, mama. Na mjukuu wako alikuwa akinionyesha upande wa juu tu. Sindano, ukimpenda mgonjwa, usimfiche mganga wake ugonjwa."

Njiani bibi alimshika mkono. "Ahsante kwa mishono, mjukuu wangu. Kwa kusema, ahsante zaidi."

Daktari alibadilisha dawa, akawaita kila wiki mbili. Pasi alipewa jirani. Bibi hakupona, ila alishona miaka miwili zaidi, Sindano akimtungia uzi. Alifariki akilijua bado jina la mjukuu wake. Daktari alihamishwa. Cherehani anayo Sindano, na bado inafanya kazi.