Kitambaa Chekundu cha Mizabibu

Jumamosi nyumbani kwa Meshack, pale Zuzu, kijiji cha Dodoma, kazi ziligawanywa mapema. Mama Angelina alifagia uwanja, baba Meshack alikwenda kwenye mizabibu, na Debora, binti yao wa darasa la tano, aliteka maji kisimani. Sila, mdogo wake, alikuwa hajaanza shule. Kazi yake ilikuwa kumfuata kila mtu na kumuuliza anafanya nini.

Siku hiyo kulikuwa na furaha ya ziada. Mjomba Bartolomayo alikuwa anakuja kutoka bwawa la Mtera, na mjomba haji mikono mitupu. Huleta perege wakavu, wanene, wanaonukia moshi. Bibi Emilia, mama mzazi wa mjomba, alikuwa jikoni tangu alfajiri akikaanga karanga taratibu, moto mdogo, ili azitwange za kutia kwenye mlenda. Unga wa uwele ulikuwa tayari. Maziwa ya mgando yalikuwa yametulia kibuyuni.

"Bibi, nionje karanga kidogo tu," Debora aliomba.

"Kateke maji kwanza. Ukishiba maonjo, mjomba wako atakula peke yake."

Debora akacheka, akachukua ndoo, akaondoka. Alipofika karibu na shamba akakumbuka kwamba amesahau ngata, kile kitambaa kinachoviringishwa na kuwekwa kichwani chini ya ndoo. Kurudi nyumbani aliona mbali. Akatazama huku na huku; baba alikuwa mbali, kwenye mistari ya juu. Kwenye waya wa mstari wa chini wa mizabibu kulikuwa na kitambaa chekundu.

Hapo ndipo alipokosea. Kitambaa kile kilikuwa na maana yake. Miaka hiyo, baada ya serikali kuruhusu biashara huria, dawa za shambani ziliuzwa kila duka mjini, nyingine zikipimwa kwenye chupa za soda. Baba yeye alinunua kopo zima lenye picha ya fuvu, akalificha darini. Kila alipopulizia dawa ya wadudu alifunga kitambaa chekundu kwenye mstari, na hakuna aliyeruhusiwa kuchuma hapo mpaka akifungue mwenyewe. Hata Sila alifundishwa.

"Chekundu?" baba humuuliza.

"Hatuli!"

"Hakuna chekundu?"

"Tunakula!"

Debora aliyajua yote hayo. "Nitakirudisha sasa hivi," alijiambia. Akakifungua, akakiviringisha ngata, akateka maji, akarudi nyumbani.

Lakini kabla hajaitua ndoo vizuri, sauti nene ilipiga hodi uwanjani kwa salamu ya Kigogo. "Mbukwenyi!"

"Mjomba! Shikamoo!"

"Marahaba. Ala, umekuwa mrefu hivi! Bado unakula kama fundi mwashi?"

Watu wakacheka. Perege wakatolewa kwenye kikapu, bibi akawaosha, na harufu yao ikaanza kujaa jikoni pamoja na karanga. Debora akapuliza moto, akakata vitunguu, akameza mate. Kitambaa kikamtoka kabisa akilini.

Chakula kilipokaribia kuiva, mama aliuliza, "Sila yuko wapi?"

Debora akatoka kumtafuta. Alimkuta amekaa kwenye mstari wa chini wa mizabibu, kidevu chake kinang'aa kwa maji ya zabibu, kishada kimoja mkononi kimebaki vikonyo vitupu.

"Dada, tamu!" Sila alisema. Kisha, kwa kuwa aliuona uso wa dada yake, akaongeza haraka, "Nimeangalia, dada. Kitambaa hakipo."

Debora alimfuta mdomo kwa pindo la khanga.

"Usimwambie mtu."

"Kwa nini?"

"Nyamaza tu, Sila!"

Njiani alijituliza. Pengine dawa imeshakauka. Pengine amekula chache. Habari ya kumwambia baba akaiahirisha.

Wakakaa mkekani. Jamani, chakula kile! Ugali wa uwele ulikuwa unatoa mvuke, mlenda umeiva na karanga mpaka unateleza wenyewe, perege wamelainika kwenye rojo la nyanya. Mjomba alikata tonge, akafumba macho. "Mama, kule Mtera samaki tunao, lakini mkono wako hatuna."

Debora alikata tonge dogo, akalitafuna na kulitafuna. Halikushuka. Alikuwa anamtazama Sila.

Sila hakula. Udenda ulianza kumtiririka mdomoni, akaufuta kwa mkono, ukaja mwingine. Jasho likamtoka usoni. "Mama, tumbo," alilia, akajikunja.

"Homa hiyo," alisema mama akimpakata. "Msimu huu mbu wamezidi."

"Nina vidonge vya klorokwini mfukoni," alisema mjomba.

Mama akasaga kidonge kwenye kijiko, akatia sukari na maji. Bibi akamgeukia Debora. "Na wewe unaumwa? Mbona huli, wewe mtu wa kuomba maonjo?"

Kijiko kilikuwa kinakwenda mdomoni mwa Sila, na Sila, mtoto mtiifu, alikuwa amefungua mdomo.

"Si homa!" Debora alipiga kelele. "Mama, usimpe! Amekula zabibu za mstari wa chini! Kitambaa nilikichukua mimi, nikafanya ngata!"

Kijiko kikamwagika. Baba alisimama. Debora alijikunyata akingoja kofi, lakini baba aliuliza jambo moja tu. "Leo hii?"

"Ndiyo, baba. Sasa hivi."

Baba akalishusha kopo la dawa kutoka darini. Mama akamvua Sila shati, akamwosha mikono na uso kwa maji yaleyale ya ndoo. Mjomba akampakata nyuma ya baiskeli, baba akakanyaga kwa nguvu zote. Debora aliwafuata mbio mpaka zahanati, kitambaa chekundu kimekunjwa mkononi.

Mganga wa zahanati, Generosa, alisoma kopo, akafunua kope za Sila. Mboni zilikuwa zimesinyaa kama ncha ya pini. Akamchoma sindano, akasubiri, akamchoma nyingine. Debora alikaa kizingitini. Alisikia Sila akikoroma kifuani, kila pumzi kama inatafuta njia. Aliogopa kusikiliza, na akaogopa zaidi asije asisikie kitu.

Baada ya muda mrefu sauti ndogo ilisema, "Maji. Mdomo umekauka."

Mganga akashusha pumzi. "Neno hilo ndilo nililokuwa nalingoja. Udenda umekatika, dawa ya sindano imeshika." Akamtazama baba. "Mngeniletea habari ya homa, ningeanza na homa. Muda huo mtoto huyu hakuwa nao."

Sila alilala zahanati chini ya uangalizi. Kesho yake jioni akarudi nyumbani, na bibi akapika upya. Safari hii tonge la Debora lilishuka, na machozi yakashuka nalo.

"Mjukuu wangu," bibi alisema, "chakula tunakifurahia kwa kuwa hakuna anayekitilia shaka. Mwenzako alifanya kama alivyofundishwa. Alitafuta kitambaa, hakukiona, akala. Alama ya usalama ukiichukua kwa haja yako ndogo, unamdanganya anayeitegemea, hata kama hukusema neno."

"Nimekosa, bibi."

"Umekosa, na pia umesema. Kusema kwako kumemwokoa. Ila siku nyingine, mama, usingoje mpaka kijiko kifike mdomoni."

Asubuhi baba alimpa Debora kitambaa chekundu kilichofuliwa. Debora alikifunga mwenyewe kwenye waya wa mstari wa chini, fundo juu ya fundo. Sila alisimama pembeni, amemshika sketi.

"Dada," alimuuliza, "chekundu?"

"Hatuli," Debora alijibu, akakaza fundo la mwisho.