Dumu la Pili

Ekseli ilivunjika saa nne asubuhi, katikati ya uwanda wa chumvi usio na hata kijiti cha kumfunika mtu kichwa. Gari likainamia korongoni kama mzee anayetafuta kiatu chini ya kitanda. Shemeji akashuka, akazunguka nyuma kufungua mlango, na sanduku la taa kubwa likamporomokea mguuni. Mpigapicha alisikia mfupa ukikatika kabla ya kusikia ukelele.

Sanduku hilo ndilo walilogombania juzi yake kwenye chumba cha vifaa. Shemeji, mume wa dada yake na fundi wake wa sauti kwa miaka sita, alitaka kamera ndogo na madumu mawili ya maji. Mpigapicha alitaka kamera kubwa, taa tatu na jenereta, maana nyuso za wachimba chumvi zilistahili mwanga mzuri. Ubishi haukuongeza nafasi garini. Alishusha dumu la pili kwa mikono yake mwenyewe, akaliegemeza ukutani.

"Siku mbili tu, shemeji," alisema. "Tunaenda kupiga picha, hatuendi kuogelea."

Sasa alimfunga mguu kwa vyuma vya stendi ya taa na utepe wa kubania nyaya. Simu zilikuwa bubu. Upande wa magharibi, mbali mno, vumbi la lori lilipita mara moja kwa siku.

"Mpaka kule barabarani ni kilomita ngapi?"

"Ishirini na kitu. Nenda, shemeji. Mimi siendi popote."

Asubuhi ya pili alijaribu. Saa moja ya kutembea ilimlia nusu lita ya maji, na barabara haikusogea hata kidogo. Akarudi akiburuta miguu, akakuta shemeji anaweweseka na mguu umevimba. Katika dumu moja walilokuja nalo zilikuwa zimebaki lita mbili. Alimwogopa dada yake kuliko alivyoliogopa jua. Angemwambia nini?

Akageukia jenereta, iliyopasuka mpira wa mafuta gari lilipoinama. Aliifungua, akaifunga, akaifungua tena. Siku ikaisha. Mchana wa tatu ikakohoa, ikanguruma. Alipandisha taa kubwa juu ya paa la gari, akaielekeza barabarani, akawasha.

Shemeji alifumbua jicho moja. "Unawasha taa mchana?"

Mwanga wake haukufika hata kwenye boneti ya gari. Alizima, akakaa chini kivulini. Alikuwa amechoka kiasi kwamba hata aibu ilimshinda kubeba.

"Niletee kile kioo cha kutazamia nyuma," shemeji alisema kwa sauti ya kukwaruza. "Nitazame ulimi. Nahisi haunienei mdomoni."

Alikinyofoa. Alipogeuka nacho, doa jeupe la mwanga likakimbia juu ya shati la shemeji, likamchoma macho. Miaka ishirini alikuwa akipata riziki kwa kupima mwanga, na kioo hiki kilikuwa kikining'inia mbele ya pua yake tangu siku ya kwanza.

Vumbi lilipotokea alikuwa juu ya paa. Aliinua vidole viwili, akaliweka vumbi la lori katikati yake, akalipiga jua kwa kile kioo. Akatulia. Akapiga tena. Vumbi likapita. Aliendelea kupiga, kwa sababu hakuwa na kazi nyingine. Mbele kidogo vumbi likasimama.

Siku mbili baadaye dada yake aliingia wodini, akamshika mumewe paji la uso, akaweka chini mfuko wa nguo.

"Nilipita chumba cha vifaa kumchukulia shati," alisema. "Kuna dumu limejaa maji, limeegemea ukuta."

"Nililisahau mimi," shemeji akasema haraka.

Uongo ule ulikuwa laini kama mto, na mpigapicha alikuwa na usingizi wa siku nyingi.

"Hakusahau. Nililishusha mimi, dada. Ili taa zienee."

Dada alimtazama mpaka akainamisha macho. Kisha akamimina maji kikombeni, akamnywesha mumewe. Akamimina tena, akamnyooshea mdogo wake kikombe bila kumwangalia.

"Kunywa," alisema.