Mkono wa Bob

Ndugu zangu wa Juru, katika kambi ya wakimbizi ya Nakivale, haya tuyaongee taratibu.

Asubuhi ile ya mwaka 2012, nyumba ya Herbert, askari wa kambi ya jeshi mjini Mbarara, ilikuwa shwari. Mariette, msichana wa kazi, alikuwa akikoroga uji. Bob, mtoto wa Herbert mwenye miaka minne, alimtania.

"Mariette, wewe nasema Kiswahili ya kuchekesha."

"Na weye unakula mingi kama muzee."

Bob akacheka mpaka akagonga kikombe. Uji ukatapakaa sakafuni.

Mariette akaacha kukoroga. Alikuwa amelelewa kule Juru, Nakivale, na shangazi yake Pascaline, ambaye Mariette alimwita Tantine, yaani shangazi. Mariette akimwaga chakula au akikojoa kitandani, Tantine alisema ana pepo, akauchovya mkono wa mtoto katika uji wa moto ili pepo atoke. Majirani walisikia vilio. Wakadhani ni pepo anayelia, na kikundi cha maombi kikazidi kuimba.

Sasa alimshika Bob, akamvuta hadi kwenye sufuria.

"Leta mukono. Iyo pepo itatoka leo."

Aliyatambua maneno yale: yalikuwa ya Tantine. Ndugu msomaji, angeweza kuacha, na kwa kitambo vidole vyake vililegea. Lakini Bob alipolia, kilio kile kilimkaza badala ya kumtia huruma. Mkono ukaingia.

Topista, mama wa Bob, alikuja mbio kutoka uani alikokuwa akianika nguo.

"Wewe nafanya mutoto yangu nini?"

Mariette akakamatwa, akapelekwa mahakamani. Akafungwa.

Eugénie, aliyekuwa akiongoza kikundi kile cha maombi kule Juru, alisafiri kwenda kumwona gerezani, akapitia kwanza nyumbani kwa Herbert. Mariette hakuuliza habari za nyumbani.

"Mama Eugénie, vidole vya Bob binafunga ngumi?"

"Vidole bibili habifunge, mutoto yangu."

Mariette aliutazama mkono wake mwenyewe.

"Basi nimekuwa Tantine."

MAFUNZO

Si kila aliyeteswa utotoni hugeuka mtesaji. Wengi hawageuki, na Mariette anajibu kosa lake mwenyewe. Lakini kosa lile lilianza kufundishwa Juru, watu wakisikia. Mtoto akilia nyumba ya pili, usimtafutie pepo. Nenda ukabishe hodi, umwite mwenyekiti wa kijiji, umpeleke mtoto akatibiwe. Kisha mkalishe, umsikilize mpaka amalize, maana maumivu ambayo hayakusikilizwa hutafuta mtoto mwingine wa kuyabeba.