Rangi ya Chumba cha Kulala

"Hiyo picha ya harusi itoke ukutani," dalali alisema, akiinyooshea kidole. "Mnunuzi akiingia humu anataka ajione yeye, siyo nyinyi."

Ticha akaishusha. Nyuma ya picha ukuta ulikuwa msafi kuliko sehemu nyingine zote.

"Na jingine, mnisamehe." Dalali alikuwa mama mwenye maneno mengi, na manukato mengi kuliko maneno. "Watu wakija kuangalia nyumba, kaeni kama mke na mume. Wakinusa talaka tu, wanabomoa bei."

"Sisi bado ni mke na mume," Ticha alijibu.

Mumewe, ambaye mtaa mzima ulimwita Fundi Taa, alikuwa juu ya ngazi akifunga taa mpya ya sebuleni.

Alikuwa amehama nyumbani tangu mvua zilipokatika. Alisema amechoka na ugomvi. Mwanamke mwingine hana, anataka tu nyumba iuzwe, wagawane, kila mtu ashike njia yake. Akahamia kulala karakanani kwake. Ticha alilia, akaomba, akatuma wazee wakaseme naye, wapi! Mwisho akakubali kuuza. Lakini alikubali kwa sababu yake mwenyewe: dalali alisema nyumba lazima itengenezwe kwanza, na fundi alikuwa ni mumewe. Angekuja kila siku. Labda moyo ungelainika.

Na kweli alikuja. Mwanaume aliyewawashia taa majirani wote huku kwake wakila kwa mwanga wa simu, sasa kazi ilimkolea. Bomba la jikoni lililodondosha maji tangu waoane, akalikaza. Mlango wa bafu uliofungwa kwa kamba, akautia komeo.

"Leo ndiyo umeuona huo mlango?" Ticha alimtania.

"Wanunuzi watauona."

"Na mimi niliyekuwa naoga nimeushika kwa mguu, sikuwa mtu?"

Fundi Taa akaangua kicheko hadi bisibisi ikamdondoka. Ticha naye akacheka. Ilikuwa zamani sana tangu wacheke pamoja.

Siku ya kupaka rangi chumba cha kulala, aliingia na ndoo ya zambarau.

"Si tumeambiwa nyeupe nyumba nzima?"

"Chumba hiki niachie mimi. Siku hizi watu wanapenda zambarau."

"Watu gani?"

"Watu tu, mama. Shika brashi."

Walipaka bega kwa bega. Tone la rangi likamrukia Ticha shavuni, na kabla hajalifuta, mumewe akalifuta kwa kidole gumba, taratibu, kama zamani. Ticha alikwenda jikoni, akamtumia dada yake ujumbe:

"Dada, leo amenishika shavu."

Jibu likaja hapo hapo: "Mdogo wangu, usijipe moyo. Huyo anauza nyumba."

Hakusikia. Usiku ule alishona mapazia mapya, asubuhi akapiga magoti akasugua sakafu mpaka ikang'aa. Akisugua, aliwaza: akiiona ilivyopendeza, ataionea uchungu. Atasema tusiuze.

Jumamosi mnunuzi akaja. Alikuwa dada mwembamba, miwani ya jua kichwani. Ticha alimshika mumewe mkono kama walivyoagizwa. Mkono ulikuwa mgumu kama mti.

"Maji hapa hayakatiki," dalali alianza. "Majirani wastaarabu. Paa imara—"

Yule dada hakuuliza maji, hakuuliza majirani, paa hakulitazama. Alipita moja kwa moja hadi chumba cha kulala, akasukuma mlango.

"Jamani! Umeipaka kweli!"

Kisha akajiziba mdomo.

Dalali aliwatazama mmoja mmoja. Ticha akauachia mkono wa mumewe.

"Nani huyo aliyeipaka kweli?" aliuliza polepole. "Unamwambia nani, dada?"

"Ticha, subiri nikueleze," Fundi Taa alisema.

"Sikukuuliza wewe."

Yule dada alianza kulia. "Aliniambia unajua. Aliniambia mmeshakubaliana, mimi ninunue, yeye abaki."

"Abaki?"

"Ningekwambia ungekataa kuuza," Fundi Taa alisema, macho chini. "Nyumba hii nimeijenga tofali kwa tofali. Siwezi kuiacha."

"Mimi umeweza."

Ticha akaangalia bafuni, akaangalia jikoni.

"Kumbe komeo ni lake. Bomba ni lake. Na mapazia niliyokesha nayo ni yake. Nilidhani unatengeneza ili tuuze, baba. Kumbe unatengeneza ili uishi."

Dalali alimvuta pembeni. Kwa mara ya kwanza alisema kwa sauti ya chini. "Mwalimu, sikujua, naapa. Sema neno moja tu, tunavunja. Nitakutafutia mnunuzi mwingine."

"Tukivunja, leo nitalala wapi? Chumba hicho?"

Dalali akageuka kuutazama mlango wa chumba.

"Waache wachukue," Ticha alisema. Akawapita wote, akachukua mkoba wake, akatoka. Fundi Taa alimwita mara moja tu, kwa jina ambalo humwita wakiwa wawili. Ticha hakugeuka, na mumewe hakumfuata.

Alipofika barabarani simu ikaita. Dada yake.

"Vipi, nyumba imepata mtu?"

"Imepata."

"Na mumeo je?"

"Naye amepata."

"Upo wapi sasa hivi, nije nikuchukue?"

Ticha akatazama huku na huku. Mtaa wote aliujua, kila geti, kila duka, lakini alitafuta jibu asilione.

"Nipo nje, dada," alisema. "Nipo nje tu."