Fundo Moja kwa Suti ya Kijani

Saa tano kasorobo asubuhi, siku ya kwanza ya punguzo la bei, mwanamume mmoja alisimama katikati ya duka la viatu akiwa ameshika koti la suti kwa kidole kimoja, kama mtu aliyebeba samaki anayechuruzika maji. Koti lilikuwa la kijani cha chupa. Wateja walimpita kushoto na kulia wakigombea makasha. Yeye hakugusa kiatu hata kimoja.

Muuzaji aliyemwendea, wenzake walimwita Rula. Jina lilimkaa kwa sababu alinyoosha kila kitu: rafu, kola ya blauzi yake nyeupe, na maneno ya watu.

"Karibu, kaka. Unachagua au umepotea?"

"Nimepotea nikichagua. Nataka viatu vya suti hii."

"Vyeusi unavyo?"

"Ninavyo."

"Usivivae na hii. Watu watakudhani mlinzi, wakuulize geti linafungwa saa ngapi."

Mwanamume akacheka. Alikuwa na sauti nene ya kujaza ukumbi, na wateja wawili waligeuka. "Basi chagua wewe, dada. Mimi ni mshereheshaji, kazi yangu ni kusema tu."

"Kijani hiki kinataka kahawia. Una suti nyingine?"

"Ya bluu."

"Bluu iliyokolea itavaa rangi ya damu ya mzee. Mtindo mmoja, rangi mbili. Hutajuta."

Alinunua jozi zote mbili bila kuzitazama mara ya pili. Rula aliliona hilo. Mteja anayenunua bila kutazama ama ana haraka, ama kuna anachoficha. Na huyu hakuwa na haraka, maana alining'inia kwenye kaunta mpaka akapata namba ya simu.

Keshia, mwanamke aliyempa kila mtu jina la utani, akampachika la Kipaza siku hiyohiyo.

Kipaza alipiga simu kila asubuhi. "Rula wangu, umenyooka?"

"Nimenyooka. Wewe leo unavuma au umekata waya?"

"Nikikusikia navuma. Leo nina harusi, suti ya kijani. Viatu ni vile vya kahawia, siyo?"

"Ni vilevile vya wiki iliyopita, mpenzi. Unasahau?"

"Napenda kukusikia ukivitaja."

Jibu lilikuwa tamu, na Rula alilipokea. Lakini alikuwa binti wa mkaguzi wa mizani mstaafu, na nyumbani kwao utamu ulipimwa kama sukari: kwanza unaondoa uzito wa mfuko. Kwa nini mtu mzima aulize swali moja kila wiki?

Miezi ikasogea. Kipaza akaomba kuja kwa baba yake Rula, Jumapili, saa kumi. Baba alikwishasema siku nyingi: "Mwanangu, mimi nitampokea mmoja, mara moja. Kumkagua ni kazi yako. Ukiniletea mbovu, usinirudie na mwingine."

Siku chache kabla ya Jumapili hiyo, Kipaza alileta jozi zote mbili dukani zitiwe visigino vipya. Rula akazipokea, akapitisha kidole chini ya ulimi wa kiatu kuangalia kama ngozi imechanika. Kidole kikagonga kitu. Ndani ya kila kiatu cha kahawia kulikuwa na fundo moja la uzi, limeshonwa kwa mkono mwepesi. Ndani ya kila cha damu ya mzee, mafundo mawili.

Kipaza hakujua kushona. Kifungo cha koti lake kilipong'oka mbele ya Rula, alikishikilia kwa pini.

Jioni Rula akampigia. "Nani anakushonea vitu vyako?"

"Vitu gani?"

"Vyovyote."

Kipaza akakohoa kando ya simu. "Fundi tu wa mtaani, mpenzi."

Nyuma yake sauti ya kike ikasema, "Hiyo tai siyo. Lete ile nyingine."

"Nani huyo?"

"Redio."

"Redio yako inajua tai," Rula akasema. Simu ikakatika. Baadaye ukaja ujumbe kwamba chaji iliisha.

Kesho yake Keshia alimsogelea akiwa na uso wa mtu aliyebeba habari nzito. "Shoga, nilimwona Kipaza wako duka la vitambaa. Yuko na mwanamke, anampimia tai kifuani kama mkewe."

"Kama, au mkewe?"

"Nimesema kama. Lakini hata hiyo 'kama' ina mipaka yake."

Rula hakulia. Alijumlisha: swali linalorudiwa, uongo wa redio, mwanamke wa tai, uzi. Mwanamke hutia alama kwenye kilicho chake. Pale kwenye meza ya matengenezo, viatu vilipokwisha kutiwa visigino, alichukua wembe akafumua mafundo yote, moja baada ya jingine, bila kuikwaruza ngozi. Kisha akavitia vyote vinne katika mfuko mmoja, bila makasha, akamwachia Keshia amkabidhi mwenyewe.

Angeweza kumzuia kwa simu asije. Lakini kumkataa Kipaza kwa simu ni kumwalika azungumze, na kuzungumza ndiko kulikomlisha. Alitaka amwambie uso kwa uso, getini, arudi alikotoka kabla baba hajatoka.

Jumapili, saa kumi kasoro kidogo, Rula alisimama getini amevaa gauni la samawati lisilo na mkunjo. Kipaza alikuja peke yake. Suti ya kijani ilikuwa imepigwa pasi vizuri, shati jeupe, tai imekaa sawa. Kiatu cha kulia kilikuwa cha kahawia. Cha kushoto kilikuwa cha damu ya mzee.

Rula aliiacha hotuba aliyoiandaa, akavitazama viatu kimoja baada ya kingine.

"Mbona unanitazama miguu?" Kipaza akauliza. "Salamu zimehamia chini siku hizi?"

"Leo umevaa viatu gani?"

"Vya kahawia. Ulivyonichagulia."

Alisema bila kupepesa. Rula akamtazama usoni, kisha miguuni, kisha usoni tena. Tapeli hatangulizi ushahidi mbele ya miguu yake mwenyewe. Hesabu yake ya wiki nzima ilikuwa na namba moja iliyokaa vibaya.

Uani kulikuwa na kamba ya nguo, na juu yake mataulo mawili yaliyokwisha kukauka, moja jekundu, moja la kijani.

"Kabla hujaingia, nianulie lile taulo la kijani."

Kipaza akaiendea kamba. Akayatazama. Akalipapasa moja, akalipapasa la pili, kama anayetafuta joto. Alirudi na jekundu, na jasho lilikuwa limemtoka juu ya mdomo.

"Siyo hili," akasema mwenyewe, baada ya kumwona uso.

"Siyo."

"Nyekundu, kijani, kahawia, kwangu mimi ni ndugu wa tumbo moja, Rula. Tangu nizaliwe. Bluu naiona, njano naiona. Hao wengine dada yangu ndiye anayenitenganishia. Anashona fundo moja kwenye viatu vya suti ya kijani, mawili kwenye vya bluu. Juzi amesafiri. Leo nimepapasa mpaka kucha zikauma, mafundo sikuyaona."

"Na tai?"

"Ni yeye."

"Na redio?"

"Ni yeye pia." Akainamisha kichwa. "Wewe unaishi kwa rangi. Siku ile dukani ningekwambia nini? Nichagulie, ila sitajua umenichagulia nini?"

"Ungeniambia hivyohivyo."

"Ungecheka."

"Ningecheka. Halafu ningekuuzia." Rula akalikunja lile taulo pembe kwa pembe. "Mafundo niliyafumua mimi. Nilidhani ni ya mke."

Kipaza akafumbua mdomo kujibu.

Mlango wa nyumba ukafunguliwa. Baba alisimama kizingitini, miwani puani, macho yakishuka taratibu kutoka kwenye tai mpaka chini, na yalipofika chini yakatulia.

"Shikamoo, mzee," Kipaza akasema.

"Marahaba. Kijana, hivyo viatu ulivaa kwenye giza?"

Rula alimtangulia kujibu. "Nilimchagulia mimi, baba."

Katika maisha yake yote hakuwahi kumdanganya baba yake, na mzee alilijua hilo. Alimkagua binti, akamkagua mgeni, akarudi kwa binti.

"Umemchagulia hivi, naye akavaa, akapita navyo barabarani?"

"Ndiyo, baba."

"Basi huyo ana subira. Aingie. Viatu abakishe hapo nje, vinanichosha macho."

Kipaza akavua viatu, akaingia na soksi. Mlango ukabaki wazi nusu, na sauti yake ikaanza kusikika, ya chini kwanza, halafu ya ukumbini. Rula alipita kwenda chumbani, akarudi na sindano na uzi, akaketi kwenye ngazi ya mlango. Katika kiatu cha kahawia, chini ya ulimi, alishona fundo moja. Katika cha damu ya mzee alishona mawili. Ndani, baba yake alicheka. Rula akapapasa mafundo kwa kidole, macho ameyafumba, akakata uzi kwa meno.