Jina la Mama kwa Wino Mwekundu

"We mwalimu wa Korea! Kafuate unga kwa Lazaro kabla hajafunga mashine. Au digrii inakukataza kubeba kiroba?"

Huyo ni mama yangu, Luciana. Saa kumi na mbili jioni, Kasense, hapa Sumbawanga, mwezi wa saba, baridi ya kukata masikio na ukungu umeshuka mpaka kwenye mabua ya mahindi. Nina digrii ya ualimu, somo la Kiingereza, GPA 4.1, na huu mwaka wa nne natumwa unga. Nafasi pekee ya English medium hapa karibu alipewa Isdori, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta. GPA yake ya kuonea huruma, ila mjomba wake yuko kwenye bodi. Mimi najitolea shule ya kata. Bure. Nasahihisha madaftari mia mbili kwa kalamu nyekundu niliyonunua mwenyewe.

Kujitolea ndiyo career yangu. Nimejitolea mpaka Korea.

Nilipofika, mashine ilikuwa imezimwa. Lazaro alikuwa anafagia pumba.

"Umechelewa, Mwalimu. Kiroba chenu kimeshachukuliwa."

"Na nani?"

"Bibi mmoja. Mchina."

"Lazaro, please. Leo sina mood ya utani."

"Nikutanie ili iweje? Bibi kizee, mweupe kama huu unga. Kapita viroba vyote anavisoma. Kufika chenu, kaweka kidole kwenye jina, kakitupia kichwani, huyo kaondoka." Akashusha sauti. "Miguuni soksi tu, Mwalimu. Soksi nyeupe. Na vumbi lote hili... hazikuchafuka."

"Jina... limeandikwaje?"

"Si umeandika mwenyewe mchana? Kwenye kile kipande cha boksi. LUCIANA. Kwa kalamu yako nyekundu."

Ngoja nieleze, kwa sababu ni kwa jina la wino mwekundu nilivyoua mtu mara ya kwanza, kule Korea.

Miezi sita nilikaa kijiji kimoja cha Korea, mimi na Sharon, msichana wa Dar. Vijijini kule watoto wameisha, kwa hiyo shule ikaandikisha mabibi. Yes, mabibi. Nikapewa kumi na wawili, na aliyewazidi wote ni Bibi Ok-sun, miaka themanini na mmoja. Alikuwa na mjukuu Marekani asiyejua Kikorea, na alitaka kumsalimia kabla hajafa. Basi. Hakutaka kingine. Alinifundisha kuvua viatu mlangoni, kuinama, kula kabichi lao la pilipili bila kutoa machozi. Aliniita sonsengnim, mwalimu. Neno ambalo serikali yangu imegoma kuniita.

Siku aliyopata mia kwa mia, niliandika jina lake ubaoni, kubwa, kwa wino mwekundu. Mwalimu wa Tanzania anasifia kwa kalamu gani nyingine?

Mwalimu mwenzangu, Bi Yun, alikimbia akalifuta kwa mkono wa sweta. "Nestory, no! Nyekundu ni ya jina la marehemu!"

Jumapili Bibi Ok-sun akafa.

Msibani nilikula ule mchuzi wao mwekundu wa nyama, na hakuna aliyenilaumu. Afadhali wangenitukana. Ila bibi mmoja alininong'oneza, Bi Yun akanitafsiria: aliyeitwa kwa nyekundu ndiye hutumwa kumfuata atakayeandikwa na mkono uleule, au mkono wa damu yake. Sharon akacheka. "Sumbawanga, hata huku unaroga?" Nikacheka na mimi. Miaka themanini na mmoja, angekufa tu. Ndivyo nilivyojiambia.

Lakini tangu siku ile, kwa nyekundu naweka vema na kosa tu. Jina, never. Mpaka mchana ule. Mama ananipigia kelele, bluu imegoma, nyekundu iko mkononi. Mkono uliandika kabla kichwa hakijafika.

Nilikimbia.

Ukungu ulikuwa mzito, naona hatua tano mbele, basi. Katikati ya mabua harufu ikanipiga. Ubani... na mafuta ya ufuta. Harufu ya msiba ule.

Mbele yangu, kiroba kilikuwa kinatembea juu ya kichwa kidogo cheupe.

"Good evening, teacher."

Hakugeuka.

"Halmoni," nikanong'ona. Ndivyo nilivyokuwa nikimwita, bibi. "Halmoni, please. Kosa ni langu."

"How are you?"

Kiingereza cha somo la tatu. Nilimfundisha mimi, na lafudhi yangu ya Kifipa ilikuwa imo humo humo.

Nilitaka kusema, nichukue mimi. Mdomo ulifunguka. Sikusema.

"I am fine, thank you. Where is Luciana?"

Nikaongeza hatua, mkono mbele, kiroba hakifikiki.

"Where is Luciana? Luciana is at home."

Akajijibu mwenyewe. Perfect. Bila hata kosa moja.

Ukungu ukafunga njia. Nilivyokimbia ni kama nakimbia mahali pamoja.

Nyumbani mlango ulikuwa wazi. Kiroba kiko kizingitini. Kipande cha boksi hakipo.

"Mama!"

"Punguza kelele." Alikuwa mekoni, anasonga ugali. Mzima. "Bibi yako kaleta unga."

"Kakwambia nini?"

"Kasimama hapo, hodi hana, salamu hana, Luciana, Luciana. Mtu wa kukutaja jina kabla ya kukusalimia huyo si mgeni. Nikaona kile kiboksi. Nikaona na wino." Akaugeuza ugali. "Hadithi yako ya Korea mimi niliisikiliza, mwanangu. Ulidhani nasinzia?"

"Ukafanyaje?"

"Nikachukua kalamu yako mezani. Nikakata langu, nikaandika la Isdori. Nikamkabidhi kwa mikono miwili. Kasoma polepole, herufi kwa herufi. Kaniinamia, kaondoka. Ana adabu."

"Mama... Isdori ana miaka thelathini."

"Na wewe una mingapi?"

Kutoka mekoni kwetu mpaka mlango wa kina Isdori ni hatua thelathini. Ningeweza kupiga kelele tu. Nilisimama. Miguu yangu mizima, sauti ninayo.

"Kaa ule, unapoa," mama akasema.

Nikakaa.

Ugali wa unga uleule. Nilikuwa kwenye tonge la tatu yowe la kwanza lilipopigwa upande wa pili wa ukuta. Mama alifanya ishara ya msalaba, akanisogezea mboga.

Hospitali walisema moyo. Mtaa ukasema yale yanayosemwa siku zote kuhusu Sumbawanga, na kwa mara ya kwanza sikubisha. Baada ya wiki mbili nikapigiwa simu: nafasi iko wazi, uje na vyeti. Nikaenda. Nafundisha darasa la Isdori, nakalia kiti chake, na mshahara naupokea kila tarehe ishirini na tano.

Juzi nililalamika kidogo tu, mezani, kwamba mkuu wa shule ananionea. Mama aliendelea kuchambua maharage. Kisha akaniuliza taratibu, bila kuinua macho, jina lake kamili ni nani.